Siasa za dunia: anza na mgogoro mmoja uliokwisha, nadharia zije baadaye

Swali la msomaji: "Nimeanza kujisomea siasa za dunia na uhusiano wa kimataifa. Vitabu vya utangulizi vinaanza na nadharia: uhalisia, uliberali, Umaksi na nyinginezo. Kila moja naiona ya kweli mpaka nisome inayofuata. Nikigeukia habari, naona mataifa makubwa yanafanya yanavyotaka, halafu watu wanataja sheria ya kimataifa. Nianzie wapi? Na hiyo sheria ina kazi yoyote au ni mapambo tu?"

Maswali yako ni mawili, ila nitayajibu kwa pamoja, maana ukilielewa la pili, la kwanza linakuwa jepesi.

Ushauri wangu ni uziweke nadharia kando kwa muda. Sisemi hazina kazi. Asiye na nadharia hubaki na rundo la tarehe na majina ya marais. Tatizo ni mpangilio. Ukipewa majibu kabla hujakutana na mambo yaliyowasumbua walioyatoa, kila jibu litakushawishi, kwa kuwa huna cha kulipimia. Ndiyo maana unahama kambi kila ukifungua sura mpya.

Habari za leo nazo si mahali pa kuanzia. Mgogoro ukiwa bado unaendelea, unachokiona ni matamko, na matamko hutolewa ili yasikike. Yaliyosemwa faraghani hujulikana miaka mingi baadaye, nyaraka zikishafunguliwa na wahusika wakishaandika kumbukumbu zao. Kwa hiyo tafuta mgogoro uliokwisha, uliokuwa mfupi, wenye wahusika wa aina nyingi, na ambao siri zake zimeshatoka. Wengi hupendekeza mgogoro wa makombora ya Kisovyeti nchini Cuba wa 1962. Ni kisa kizuri, ila humwacha mwanafunzi akidhani siasa za dunia ni viongozi wawili wenye mabomu wanaotazamana machoni. Mimi nitakupa Suez ya 1956. Humo mna dola kubwa iliyokuwa inapanda, dola mbili zilizokuwa zinashuka, dola changa, kampuni, sarafu, Umoja wa Mataifa, na uongo mmoja mkubwa.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869 ukaunganisha Bahari ya Shamu na Mediterania. Ulipita katika ardhi ya Misri, lakini uliendeshwa na kampuni iliyokuwa mikononi mwa wenye hisa wa Ufaransa na serikali ya Uingereza. Miaka ya 1950 sehemu kubwa ya mafuta ya Ulaya Magharibi ilipitia hapo. Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, alitaka kujenga bwawa kubwa la Aswan, na Marekani na Uingereza zilikuwa zimekubali kumsaidia kulilipia. Tarehe 19 Julai 1956 Marekani ikajitoa, na Uingereza ikafuata. Wiki moja baadaye, akihutubia umati mjini Alexandria, Nasser alitangaza kwamba mfereji umetaifishwa. Ndani ya hotuba alilitaja jina la de Lesseps, Mfaransa aliyeongoza ujenzi wa mfereji, na jina hilo ndilo lililokuwa ishara kwa watu wake waliokuwa wakisubiri: walipolisikia redioni waliingia wakashika ofisi za kampuni.

Sasa tazama sheria inavyoingia. Kampuni ilikuwa chini ya sheria za Misri, na Nasser aliahidi kuwalipa wenye hisa. Washauri wa sheria wa serikali ya Uingereza walimwonya Waziri Mkuu Anthony Eden kwamba hapo hapakuwa na sababu halali ya kupigana. Kama sheria ya kimataifa ingekuwa mapambo matupu, Eden angepuuza ushauri na kutuma manowari waziwazi. Hakufanya hivyo. Alitafuta kisingizio ambacho kingefanana na sheria.

Kati ya 22 na 24 Oktoba, wawakilishi wa Ufaransa, Israeli na Uingereza walikutana kwa siri katika nyumba moja huko Sèvres, nje kidogo ya Paris. Wakapanga hivi. Israeli itaishambulia Misri katika Sinai. Uingereza na Ufaransa zitajifanya zimeshtuka, kisha zitazitaka pande zote mbili zijiondoe karibu na mfereji. Misri haitakubali, maana itakuwa inaambiwa irudi nyuma ndani ya nchi yake yenyewe. Hapo majeshi ya Uingereza na Ufaransa yataingia kwa jina la kuwatenganisha wapiganaji. Mpango uliandikwa na kutiwa saini. Eden alipopata habari kwamba kuna karatasi alituma watu warudi Paris kuomba nakala zote ziharibiwe. Ya Uingereza iliteketezwa. Ya Israeli ilibaki. Tarehe 20 Desemba, mbele ya Bunge, Eden alikana kwamba serikali yake ilijua mapema kuwa Israeli itashambulia.

Israeli iliingia Sinai 29 Oktoba. Kesho yake Uingereza na Ufaransa zikatoa masharti yao kama yalivyopangwa. Marekani, ambayo haikuwa imeambiwa lolote, ilipeleka azimio kwenye Baraza la Usalama, na washirika wake hao wawili wakalizima kwa kura ya turufu, yaani kura ya kupinga ya mjumbe wa kudumu inayoua azimio zima.

Wanafunzi wengi wakifika hapa huhitimisha: kura ya turufu imepigwa, Umoja wa Mataifa umeshindwa, mjadala umefungwa. Subiri kidogo. Kura ya turufu haifanyi kazi katika mambo ya utaratibu, na kuitisha kikao cha dharura cha Baraza Kuu, lenye nchi zote wanachama, ni jambo la utaratibu. Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa kwa azimio la 1950, wakati wa vita vya Korea, na Marekani ndiyo iliyolisukuma ili kuukwepa Umoja wa Kisovyeti. Sasa ikatumika dhidi ya marafiki zake. Tarehe 31 Oktoba, Baraza la Usalama likiwa na wajumbe 11, saba waliunga mkono kuitisha kikao, Uingereza na Ufaransa zikapinga bila ya kuweza kuzuia. Usiku wa kuamkia 2 Novemba, Baraza Kuu likataka mapigano yasimame: nchi 64 ziliunga mkono, tano zikapinga, sita hazikuegemea upande wowote.

Maazimio ya namna hiyo ya Baraza Kuu hayamfungi mtu kisheria. Mabomu yaliendelea kudondoka, na 5 Novemba askari wa miavuli wakashuka Port Said.

Pigo kubwa lilitoka kwenye soko la fedha. Pauni ya Uingereza ilikuwa akiba ya nchi nyingi na thamani yake ilifungwa kwenye dola 2.80 za Marekani. Vita vilipoanza, watu wakaanza kuziuza pauni zao, na Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kutumia dola zake kuzinunua ili bei isianguke. Serikali ikataka kuchota fedha kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Marekani ikaonyesha wazi kwamba haitaunga mkono: kwanza mapigano yasimame, kisha majeshi yaondoke. Wakati huohuo Misri ilikuwa imezamisha meli ndani ya mfereji na kuuziba, bomba la mafuta la kutoka Iraki lilikuwa limelipuliwa nchini Syria, na mafuta ya kuziba pengo yangetoka Marekani hiyohiyo. Harold Macmillan, waziri wa fedha, alikuwa mstari wa mbele kutaka vita tangu Julai. Sasa ndiye aliyewaeleza mawaziri wenzake jinsi akiba inavyoyeyuka, na ndiye aliyetaka wasimame. Usiku wa 6 Novemba wakasimama, kabla hawajaufikia hata mji wa Suez. Mwishoni mwa Desemba Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeondoka, Januari 1957 Eden akajiuzulu, na Israeli ikatoka Sinai mwezi Machi.

Kuna kipande kingine. Lester Pearson, waziri wa mambo ya nje wa Kanada, alipendekeza kikosi cha Umoja wa Mataifa kikae kati ya wapiganaji. Wazo lilikuwa la kijeshi kidogo na la kiheshima zaidi: liliwapa Waingereza na Wafaransa namna ya kutoka bila kusema wamefukuzwa. Ndicho kikosi cha kwanza cha kulinda amani chenye askari wa nchi mbalimbali waliovaa kofia za buluu. Pearson alipata Tuzo ya Nobel ya Amani 1957. Lakini kikosi kilikaa Misri kwa ridhaa ya Misri. Israeli haikukubali kikae upande wake, na Mei 1967 Nasser alipotaka kiondoke, kiliondoka. Vita vilianza mwezi uliofuata.

Nimekisimulia kirefu kwa makusudi. Sasa rudi nyuma na uulize: kwa nini Uingereza ilishambulia? Kwa nini ilisimama? Kwa nini ilibanwa na mshirika wake mkubwa kuliko ilivyobanwa na adui? Na kwa nini nchi iliyoikalia Misri kijeshi 1882 na kubaki huko kwa miongo kadhaa, mwaka 1956 haikuweza kukaa hata miezi miwili? Haya ni maswali manne tofauti. Nadharia ulizosoma zinakuchanganya kwa sababu unazichukulia kama majibu manne ya swali moja.

Mfuasi wa uhalisia huanzia hapa: juu ya dola hakuna serikali. Dola ikivamiwa haina kituo cha polisi cha kupiga simu, kwa hiyo kila moja hujitegemea kwa usalama na kuzihofia nguvu za wenzake, hata kama wenzake hawana nia mbaya. Ukijiimarisha ili ujilinde, jirani anaona unajiandaa kumpiga, naye anajiimarisha, nawe unapata ushahidi kwamba ulikuwa sahihi kumshuku. Kwa mtazamo huo Suez inaeleweka: Uingereza na Ufaransa zilijaribu kushikilia hadhi ambayo nguvu zao hazikuweza tena kuibeba, na Marekani ilizibana kwa kuhofia kwamba nchi za Kiarabu zingekimbilia upande wa Wasovyeti. Hans Morgenthau na, baadaye, Kenneth Waltz ndio majina utakayokutana nayo sana. Kwa maoni yangu, uhalisia hueleza vizuri hofu, lakini huishiwa pumzi unapotakiwa kueleza kwa nini Eden alihangaika na kisingizio cha Sèvres.

Mliberali, anayefuata njia ya mwanafalsafa Kant na, karibu na wakati wetu, Robert Keohane na Joseph Nye, ataitazama pauni, mafuta na kikao cha Baraza Kuu. Atakuambia kwamba nchi zilizofungamana kiuchumi zina namna nyingi za kuumizana na kusaidiana bila risasi, na kwamba taasisi, hata dhaifu, hutoa taratibu, taarifa na mlango wa kutokea. Pearson bila Umoja wa Mataifa angekuwa mtu mwenye wazo zuri asiye na mahali pa kulipeleka.

Wapo wanaosema mnasahau wazo lenyewe la ukoloni. Alexander Wendt na wenzake hushikilia kwamba maslahi ya dola hayako tu kama mawe. Hujengwa na yale ambayo watu kwa pamoja wanayaona ni ya kawaida au ya aibu. Mwaka 1882 manowari za Uingereza ziliupiga mji wa Alexandria kwa mizinga, na dola nyingine kubwa zikaliona jambo la kawaida. Mwaka 1956, baada ya uhuru wa India na mwaka mmoja baada ya mkutano wa Bandung uliozikusanya nchi 29 za Asia na Afrika, kitendo kama hicho kilinuka. Mizinga ilikuwa na nguvu zaidi kuliko ya 1882. Kilichopungua ni uhalali. Ukiniuliza swali la nne kati ya yale manne, hapa ndipo napata jibu linaloniridhisha zaidi.

Na wanaofuata Umaksi au nadharia ya utegemezi watauliza ni nani aliyekuwa anachuma. Kwa nini mfereji uliochimbwa kwa jasho la Wamisri, wengi wao wakilazimishwa, ulizalisha gawio Paris na London? Hisa za Misri ziliuzwa kwa Uingereza 1875 kwa sababu mtawala wake alikuwa amezama kwenye madeni. Ukianza hadithi Julai 1956 unamkuta Nasser "akichukua" mali. Ukiianza 1875 unasoma hadithi nyingine kabisa. Kila unaposoma simulizi ya mgogoro, angalia mwandishi ameanzia mwaka gani; mara nyingi hukumu imeshafichwa hapo.

Bado kuna watu wenyewe. Eden alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje 1938 katika siku ambazo serikali yake ilikuwa ikiwapoza Mussolini na Hitler, na miaka 18 baadaye alimtazama Nasser akawaona wao. Alikuwa pia mgonjwa. Viongozi hufikiri kwa mifano ya ujana wao, na mfano usiofaa unaweza kugharimu zaidi ya upelelezi mbovu. Basi jizoeze kuligawa kila tukio katika ngazi tatu: mtu aliyeamua, nchi iliyomzunguka (bunge, jeshi, magazeti, wafanyabiashara), na mpangilio wa nguvu duniani. Ukijikuta unaeleza kila kitu kwa ngazi moja, kuna unachokiruka.

Nije kwenye sheria. Unaona mataifa makubwa yanafanya yanavyotaka, na mara nyingine ni kweli. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja sheria kwa kuwasaidia waasi dhidi ya Nikaragua na kutega mabomu kwenye bandari zake. Marekani haikutii, na suala lilipopelekwa Baraza la Usalama ikatumia kura ya turufu. Ukitaka mfano wa sheria kushindwa, huo unatosha.

Lakini kuna mfano wa upande wa pili ambao watu huutazama bila kuuona. Juni 2012 Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks, aliingia kwenye ubalozi wa Ekwado mjini London akapewa hifadhi. Ubalozi wenyewe ulikuwa vyumba kadhaa ndani ya jengo la makazi. Polisi wa Uingereza walikuwa na hati ya kumkamata, na kwa kipindi kirefu walisimama barabarani nje ya mlango. Kuvunja mlango ule kungechukua dakika chache. Hawakuuvunja kwa karibu miaka saba. Waliingia Aprili 2019, Ekwado ilipomwondolea hifadhi na kuwakaribisha. Kilichowazuia ni Mkataba wa Vienna wa 1961, unaosema kwamba majengo ya ubalozi hayaingiliki bila ridhaa ya mkuu wake. Ekwado haikuwa na jeshi la kuitisha Uingereza. Uingereza ilikuwa na balozi zake katika miji mikuu mingi, na siku ambayo ingevunja mlango wa mwenzake ingewapa wengine ruhusa ya kuvunja wa kwake.

Sheria nyingi ya kimataifa hufanya kazi kwa namna hiyo, kimya kimya, kwa sababu kila upande unaihitaji kesho. Ndege hupita anga za nchi nyingi kwa taratibu za Mkataba wa Chicago wa 1944. Meli hujua kwamba maji ya nchi huishia maili 12 za baharini kutoka pwani, na haki zake za uvuvi na mafuta hufika hadi maili 200, kwa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Hakuna anayeandika habari kuhusu meli iliyopita salama. Sheria hushindwa zaidi pale usalama wa dola kubwa unapoguswa, na hapo ndipo kamera zilipo. Swali la kujiuliza basi si kama sheria ipo au haipo. Uliza katika jambo hili ni nani anaihitaji, ataumia vipi akiivunja, na kwa nini aliyeivunja anajitahidi kudai hakuivunja.

Ili uweze kuuliza hivyo, soma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wenyewe. Ni mfupi, unamalizika kwa jioni moja. Ibara ya 2(4) inakataza kutumia au kutishia nguvu dhidi ya dola nyingine. Ya 2(7) inauzuia Umoja wenyewe kuingilia mambo ya ndani ya nchi. Ya 51 inaruhusu kujilinda. Ya 27 ndiyo yenye kura ya turufu, ingawa hutaliona neno hilo mle. Leo Baraza la Usalama lina wajumbe 15. Azimio linahitaji kura tisa, na mjumbe yeyote wa kudumu akipinga, limekufa. Akikaa bila kupiga kura upande wowote, linaweza kupita. Mwaka 1950 Wasovyeti walikuwa wamesusia vikao kwa sababu kiti cha China hakikupewa serikali mpya ya kikomunisti, na maazimio ya kuisaidia Korea Kusini yakapita bila wao. Waliporudi Agosti hawakurudia kosa hilo.

Kumbuka pia ni nani aliyekuwepo mkataba ulipoandikwa San Francisco 1945. Wanachama waanzilishi walikuwa 51, na kutoka Afrika ni wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya wakati huo. Leo wanachama ni 193. Dola nyingi zilizopo ziliingia kwenye nyumba ambayo viti vya mbele vilikuwa vimeshagawanywa. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo halipigi kura kwa usawa wa nchi: kura hufuata michango, maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 15. Ukilijua hilo, kilichotokea kwa pauni 1956 hakikushangazi. (Vitabu vingi vitakuambia pia kwamba mfumo wa dola huru ulizaliwa 1648 kwa Amani ya Westfalia. Shika tarehe hiyo kwa sababu utaulizwa, ila wanahistoria wengi wanaona dola za leo zilichukua muda mrefu zaidi kujitokeza, na sehemu kubwa ya dunia iliishi chini ya himaya mpaka karne ya 20.)

Sasa unaweza kurudi kwenye habari. Februari 2022 Urusi ilizima kwa kura ya turufu azimio kuhusu uvamizi wa Ukraine. Siku mbili baadaye Baraza la Usalama likaitisha kikao cha dharura cha Baraza Kuu kwa kura ya utaratibu, na 2 Machi nchi 141 zikaitaka Urusi iondoke, tano zikapinga, 35 hazikuegemea upande. Ni njia ileile ya 1956. Urusi haikuondoka, na tofauti hiyo ni somo lenyewe.

Unaposoma azimio, usiishie kwenye idadi ya kura. Angalia vitenzi: Baraza la Usalama "likiamua" chini ya Sura ya Saba linafunga nchi zote, "likihimiza" linaomba. Kisha soma maelezo ya kura, yale ambayo wajumbe hutoa kusema kwa nini walipiga walivyopiga. Ni chanzo kinachodharauliwa mno. Kwa mfano, kati ya nchi sita ambazo hazikuegemea upande wowote usiku ule wa Novemba 1956 ilikuwamo Kanada. Kwenye jedwali inaonekana kama nchi iliyoogopa kuikosea Uingereza. Ukisoma alichosema Pearson unakuta alilalamika kwamba azimio linasimamisha vita bila kuandaa amani, na hapo ndipo alipotaja kikosi cha Umoja wa Mataifa. Siku mbili baadaye azimio lake lilipita bila hata kura moja ya kupinga.

Weka ramani mezani pia, yenye milango ya bahari: Hormuz, Malacca, Bab el-Mandeb, Suez. Machi 2021 meli moja, Ever Given, ilikwama ikauziba mfereji kwa siku sita na biashara ya dunia ikayumba. Ukiangalia ramani utaelewa kwa nini nchi zinatuma manowari mahali ambapo hazina hata jirani.

Jihadhari na kusema "Marekani inataka" au "China imekasirika" kana kwamba nchi ni mtu. Nani ndani ya nchi hiyo? Kumbuka Macmillan, aliyekuwa serikali ileile, jina lilelile, msimamo mwingine baada ya miezi mitatu. Jihadhari pia na maelezo ya njama. Njama zipo, Sèvres ilikuwa njama kamili yenye saini, lakini iangalie ilivyowasambaratikia waliopanga. Na usijisumbue sana kutabiri. Wataalamu wengi wa miaka ya 1980 hawakuona kwamba Vita Baridi vingekwisha vile vilivyokwisha.

Kwa hatua yako ya kwanza nakupa kazi hii. Wiki ileile ya Suez, 4 Novemba 1956, vifaru vya Kisovyeti viliingia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kwa nguvu kuiondoa serikali ya Imre Nagy. Umoja wa Kisovyeti ukatumia kura ya turufu, Baraza Kuu likaitishwa kwa utaratibu uleule, likautaka uondoke. Haukuondoka, na Nagy alinyongwa Juni 1958. Ukumbi ni uleule, utaratibu ni uleule, juma ni lilelile. Andika kurasa mbili ueleze tofauti ya matokeo. Jibu la "Wasovyeti walikuwa na nguvu" halitoshi, kwa kuwa Uingereza nayo ilikuwa na kiti cha kudumu na ilishajaribu bomu la nyuklia tangu 1952. Angalia ni nani aliyehitaji fedha za nani, ni nani aliyepakana na nani, Marekani ingeweza kumbana nani bila kuhatarisha vita kuu, na ni serikali ipi iliyokuwa na wapinzani bungeni na umati wa wananchi wake Trafalgar Square siku hiyohiyo ya 4 Novemba wakiitaka iache vita.